DJ Asiye na Hedifoni

Mimi ni Anaeli, mwana wa Sifael, mwana wa Sadock. Sadock alisimamia ndiva ya hapa Mhezi, bwawa linalonywesha mashamba yetu kwa zamu. Sifael alikabidhiwa pembe ya kuwaitia watu msaragambo, kazi ya pamoja ya kulitunza bwawa hilo, na alipoipuliza hakuna aliyethubutu kuuliza sababu. Leo pembe hiyo ninayo mimi. Katika ukoo huu uliotukuka ndimo alimozaliwa mjukuu wangu Asheri, ambaye Mwenyezi Mungu amemjalia kipawa cha kuwa DJ.

Alipanda kutoka Same na spika mbili zenye kimo cha kabati la nguo, taa za rangi saba, miwani myeusi na mashine ya kuchanganyia muziki.

“Shikamoo babu. Umeuona mzigo?”

“Marahaba. Nauona. Na kile cha kuvaa masikioni?”

“Hedifoni? Muuzaji alinishauri nianze na hizo na spika ndogo. Nikamwona mshamba tu. Babu, watu wanatazama taa. Masikio yangu nani atayatazama?”

Nilimpongeza kwa hekima hiyo. Hata mimi, mwalimu mstaafu, nilifahamu kwamba hedifoni humwezesha DJ kuusikia wimbo peke yake kabla ya kuufungulia ukumbi. Lakini mimi ni nani mbele ya msomi wa taa?

Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi ya Beatha, binti wa jirani yetu Koleta.

“Ukiniharibia shughuli, Asheri,” Koleta alimwonya mbele yangu, “mlima huu hautakuita tena, hata kwenye kipaimara.”

“Mama, relaksi.”

Mambo yalikwenda vyema hadi kwenye keki. Mshereheshaji aliomba wimbo wa taratibu, bibi harusi amlishe mumewe. DJ wetu, asiye na pa kusikilizia, akabonyeza kwa kubahatisha. Spika zikanguruma kwa mlio wa pembe ya msaragambo! Kumbe alikuwa ameirekodi kwa simu nilipoipuliza, ili aichomeke kati ya nyimbo kama kiungo.

Hakuna aliyeuliza sababu. Wazee walivua makoti. Akina mama walijifunga kanga juu ya magauni ya sare.

“Bwawa limepasuka!” mtu akapaza sauti, na ukumbi ukamwagika nje kutafuta majembe. Hata bwana harusi, mgeni kutoka Msangeni, alitimua mbio na tai yake shingoni. Akabaki Beatha na kipande cha keki mkononi. Nilijivuna: pembe ya baba yangu haijapata kuitikiwa kwa utii kama ule.

Bwawa tulilikuta zima, limetulia. Asheri akafika akihema.

“Nilibonyeza vibaya, mama.”

“Na wewe hukusikia?” Koleta alifoka.

“Ningesikiaje kabla yenu?”

Kamati ya ndiva iliketi palepale. Anayeita msaragambo wa uongo huzibua mfereji peke yake. Hiyo ni kanuni ya tangu zamani. Wakaongeza ya kisasa: asipige muziki mlimani hadi amalize, kisha afike mbele ya kamati akiwa na hedifoni. Sikumtetea. Taa nilizirudisha mimi mwenyewe kwa muuzaji kule Same.

Nanyi vijana mnaoitamani kazi ya u-DJ, siwaombi, nawaagiza: muuzaji anapowashauri, fungeni vinywa, msikilizeni hadi amalize, kisha nunueni alichosema.