Malaria ya Miezi Mitatu

Usingizi unanikuta saa nne asubuhi kwenye benchi la nje ya ofisi ya Bi. Sarumbo, afisa utumishi, kwa sababu vidonge vyangu havina adabu ya kungoja. Mfukoni nina barua ya daktari: nilikuwa na sonona, nimepata nafuu, naweza kurudi kazini. Leo ndiyo siku ya mwisho, nisipoitoa kazi sina. Nikiitoa, nani atamwachia kichaa kalamu ya kuchorea ramani za mji? Miezi mitatu sasa wenzangu wananitumia pole ya malaria, nami najibu asante. Nafumba macho kidogo tu, na korido inanyooka mbele yangu, inatoka nje ya jengo, inakuwa barabara.

Naijua, niliichora mwenyewe, lakini leo hainitii. Kila nikikata kona natokea kwenye ofisi yetu ileile, madirisha yaleyale, na nyuma yake ofisi nyingine, imegeuzwa kama ya kwenye kioo, wenzangu wameinamia meza. Pole na malaria, wanasema wote kwa pamoja. Nashukuru, nakaza mwendo, nimechelewa, sijui nimechelewa wapi. Mbele yangu anatembea tarishi mwenye koti la kaki, asiye na uso; pale ilipopaswa kuwa pua pana ngozi tupu. Bwana Mchome, ananiuliza, ulikuwa wapi? Malaria, nasema, na barabara inagawanyika mbili. Ulikuwa wapi? Malaria, nakwambia, na zinakuwa nne, zinakuwa nane, naogopa, naogopa kweli. Ni nini, ananiuliza, kinachokaa ndani ya bahasha, chepesi, na kimekupinda mgongo? Niache bwana, nimechoka na vitendawili vyako. Basi soma, anasema, ananipa daftari la mahudhurio. Majina ya ofisi nzima yamo, miaka na miaka, na mbele ya kila aliyekosekana pameandikwa malaria. Mzee wa stoo niliyemkuta akilia chooni, malaria. Sarumbo, wiki sita, malaria. Na mji wetu uko mlimani, kwenye baridi, mbu tunamsikia redioni. Nilikuwa nimelala kitandani nikitamani nisiamke, namwambia tarishi, na barabara zote zinajikunja kuwa moja, fupi, yenye mlango mwishoni.

Nasukuma. Nimesimama mbele ya meza ya Bi. Sarumbo, sikumbuki kunyanyuka. Niandike malaria, Bwana Mchome? anauliza, kalamu tayari mkononi, ananipa njia ya kutokea. Hapana, mama. Natoa barua. Natazama mikono yake ikiifungua, ikiikunja, ikiifungua tena, kisha ikiweka kalamu chini. Mimi zilikuwa wiki sita, anasema, sijawahi kumwambia mtu. Kesho saa mbili, meza yako ipo. Nataka kushukuru, ila mgongoni bado nahisi ubao wa benchi, na sithubutu kuinua macho nione kama ana uso.