Kiti Kinachopumua

Nimelalia kitabu cha Isoda, mchoraji wa Kijapani ambaye mume wangu, Baba Mwanaidi, hataki wageni wakute picha zake sebuleni. Shavu langu liko juu ya picha niipendayo: mwanamke ambaye kimono kimemteremka begani, ameketi juu ya mgongo wa mwanamume aliyepiga magoti, ametulia kama yuko kwenye kigoda chake. Naipenda kwa sababu hatabasamu kumfurahisha mtu. Mstari wa wino unashuka kutoka shingoni hadi kisiginoni bila brashi kunyanyuliwa, na mimi ninayechora kanga kiwandani najua mkono wa namna hiyo haupatikani kwa kulala. Karatasi inalegea, nami nazama ndani yake, na kumbe ndani kuna barabara ya mikeka inayojikunja nyuma yangu kila nikipiga hatua, na mji wa vioo vitupu, na katika kila kioo mwanamke ameketi juu ya mgongo wa mtu. Mwanamume asiye na uso ananitangulia. Isoda hawachori wanaume nyuso, na nyumbani nimelisifu sana jambo hilo, lakini hapa linanitia baridi. Namwuliza, tunakwenda wapi? Aendaye hajui, anajibu, aliyeketi ndiye aliyefika. Ananionyesha kiti. Kiti kinapumua. Naketi, na wacha niseme kweli, naona raha. Miaka yote mimi ndiye wa kuinama, ufagio huu, jiko lile, leo na mimi nimenyoosha mgongo wangu na wenzangu wa kwenye vioo wananitazama. Narembua hata macho. Halafu nataka kuondoka, na miguu haiji. Imekuwa wino, na wino umekauka.

Nitainukaje? nauliza. Kitendawili, anasema yule asiye na uso. Tega, namjibu. Kila siku unamwita, hujamtaja hata mara moja. Ah, huyo mume, nasema, nacheka. Basi mtaje utoke. Baba Mwanaidi! Hilo la mtoto, anasema, uliyemkalia ana lake. Kicheko kinanikauka. Kwetu mke hamtaji mume kwa jina, ni kumvunjia heshima. Mama yangu alimzika baba bila kulitamka lake. Nawatazama wale wanawake wa kwenye vioo, na sasa ndiyo naona: si kiburi kilichowanyima tabasamu. Wamekwama. Macho yao yananisihi nijaribu. Mgongo ulio chini yangu unaanza kutetemeka, naye hakuchorewa mdomo wa kuniomba niinuke, na namwonea huruma kuliko ninavyojionea mimi. Mwinjuma, nasema. Ulimi unaniwaka.

Nafumbua macho. Meza ni yangu, kitabu ni changu, chai imemwagika sakafuni na mume wangu amepiga magoti anaifuta, amenipa mgongo. Nangoja ageuke, hageuki. Nakipapasa kiti nilichokalia. Mwinjuma, namwita tena, makusudi, anigombeze nijue niko kwangu. Abee, anaitika, kwa neno letu sisi wanawake, ninalomwitikia yeye tangu siku ya harusi. Inuka basi, baba, namwambia, inuka nikuone uso.

Inuka kwanza wewe, anasema.