Zamu Yangu Ikikaribia

Msiniulize kama nilikuwa mtukutu. Pale shuleni kwetu Akita, kaskazini mwa Japani, ukisikia kishindo asubuhi, ujue ni Tokie tu, yaani mimi.

Darasani tulisoma kwa kupokezana: kila mtu sentensi moja, akifika kwenye nukta, wa nyuma yake anadaka. Mimi nilihesabu vichwa. Wakibaki wawili kabla yangu, namfinya Haruyo, mwenzangu wa dawati. Anapiga yowe, Mwalimu Kuramochi anang'aka, "Tokie, nje!" Nasimama koridoni na ndoo ya maji mkononi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, moyo umetulia tuli. Bora niitwe mkorofi kuliko mjinga.

Nilipofika darasa la tatu, maji yalizidi unga. Mwalimu mkuu alimwambia mama: kosa moja tu tena, nahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto, wanakopelekwa walioshindikana. Mama alilia njia nzima kwenye theluji. Nikaapa sifinyi mtu tena.

Kesho yake, vichwa vitano. Vinne. Viwili. Herufi zikaanza kurukaruka kama maharage yanayochemka. Mkono ukaenda wenyewe.

Safari hii Haruyo hakupiga yowe. Alisimama. "Mwalimu, Tokie hajui kusoma. Huwa ananifinya zamu yake ikikaribia."

Lo! Ningemmeza mzima mzima. "Mbea we! Nitakukomesha!"

"Nikomeshe," akasema, machozi yanamtoka. "Lakini ng'ambo huendi."

Mwalimu akanigeukia. "Ni kweli, Tokie?"

"Herufi hazitulii, Mwalimu. Zinacheza."

Akachukua kadi, akaikata tundu jembamba, akaiweka juu ya kitabu changu. Ukaonekana mstari mmoja tu. Kuanzia siku ile, tukimaliza kusafisha darasa, nilibaki naye tukisoma mpaka kiza kinaingia. Ng'ambo sikwenda, na ndoo ikarudia kazi yake ya kudekia.

Haruyo nilimnunia wiki mbili nzima. Ujinga gani ule, jamani! Natamani kuzirudisha zile siku kumi na nne, hata moja tu.

Sasa tuna miaka sabini na mbili, na macho ya Haruyo yamekwisha. Kila Jumanne naenda kumsomea gazeti, kadi yangu mkononi. Juzi nilikwama katikati ya sentensi, aibu ile ile ya utoto ikanipanda.

Haruyo akakunja mkono wa sweta, akanisogezea mkono wake.

"Finya basi," akasema, "halafu uendelee."