Mstari wa Njano

Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa, maana ile ya kutovuta sigara karibu na petroli ilishavunjwa na kila mtu, akiwemo aliyeiandika ukutani. Fundi akimaliza kukaza nati, alipaka mstari wa rangi kutoka ncha ya bolti hadi kwenye nati yenyewe. Kila fundi na rangi yake. Nati ikilegea, mstari unakatika na kila mwenye macho anaona. Mstari ukiwa mzima, mkono wa mwingine haugusi hapo. Kuugusa ilikuwa sawa na kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba kazi haijui.

Njano ilikuwa rangi ya fundi mmoja, ambaye mchana ule, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alibaki peke yake na gari la shemeji yake. Shemeji alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye haraka zake, na alasiri alitakiwa kuondoka na binti yake kwenda kuchanja ng'ombe, safari ya mwendo wa saa nne kwenye barabara ya mawe.

"Likifika sabini nikagonga kishimo, usukani unanipokonya mikono," alikuwa amemwambia asubuhi. "Linatetemeka lote, mpaka nikaribie kusimama ndipo linatulia. Nitampakia mtoto humu, shemeji. Niambie kweli, linafaa au halifai?"

"Litafaa," fundi alijibu, akiangalia pembeni.

Aliangalia pembeni kwa sababu malalamiko hayohayo alikwisha kuyasikia mwaka mmoja nyuma, kutoka kwa kaka yake, mume wa huyo shemeji. Kaka alikuwa mrefu wa kugonga kichwa kila mlango, watu wakambandika jina la Mlingoti. Walifanya kazi gereji hiyohiyo, na gari hili lilikuwa lake. Siku hiyo fundi alikuwa na magari matatu yanamsubiri na kichwa kinamuuma. Hakuona tatizo. Basi akafunga shokapu mpya ya usukani, ile ndogo inayolala mbele kukatiza ekseli, akakaza kila nati iliyokuwa mbele ya macho yake, akapaka njano. Mtetemo ukanyamaza. Shokapu ile haiponyi kitu, fundi yeyote anajua. Ni kumziba mtoto mdomo bila kumuuliza kinachomliza. Wiki tatu baadaye gari liliacha barabara mahali pasipo na kona, na Mlingoti akafa; gari likanyooshwa bodi, likabaki kwa mjane wake. Watu walisema ni usingizi. Fundi naye alisema usingizi, tena kwa sauti kuliko wote.

Sasa boksi la shokapu nyingine mpya lilikuwa juu ya meza. Alikwisha kulipiga gari jeki, akatikisa magurudumu juu na chini, akapapasa tairodi, boljointi na beringi moja moja. Zote ngumu. Alijiona mjinga, akajiona na mwoga pia. Akalishusha gari kwenye magurudumu yake, akachukua spana, akaingia uvunguni kuifungua ile shokapu ya zamani.

Zamani kazi hii waliifanya wawili. Yeye chini, Mlingoti kwenye kiti. Yeye akisema "Tingisha!", kaka anapeleka usukani kushoto na kulia mara tatu, anapumzika, kisha anaongeza moja ya utani. Gari lilikuwa la zamani, usukani wake haukuhitaji injini, ulihitaji mabega.

"Tingisha," fundi alisema. Neno tu lilimponyoka, na yeye mwenyewe alitaka kucheka.

Usukani ukageuka.

Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Magurudumu yalikwaruza sakafu huku na huku, sentimita chache kutoka masikioni mwake. Aligeuza kichwa kutafuta njia ya kutoka. Ndipo macho yake yakaangukia kile chuma kirefu kinachoizuia ekseli ya mbele isiende upande. Bolti iliyokifunga kwenye fremu ilikuwa inatembea. Nati ilikuwa imekazwa barabara, lakini bolti na nati vilikwenda pamoja, huku na kule, ndani ya tundu lililokuwa duara na sasa limelika na kuwa kama yai. Juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, lisingeonekana kamwe. Na juu ya nati hiyo palikuwa na mstari wa njano, mzima, bila ufa.

Kukawa kimya kidogo. Kisha usukani ukaenda mara moja zaidi.

"Nani yuko humo?" aliita. Alipojiburuta nje, mlango wa gari ulikuwa umefungwa, vioo vimepandishwa, na kwenye vumbi la sakafu hapakuwa na nyayo ila zake. Alisimama na spana mkononi akiogopa kuchungulia ndani.

Shemeji akaingia, amebeba kisanduku cha chanjo, binti yake nyuma akila karanga. "Tayari?" aliuliza, akafungua mlango na kurukia kitini kama alivyozoea. Mguu wake haukufika kwenye klachi.

"Nani amekisogeza kiti changu?" Kilikuwa nyuma kabisa, mwisho wa reli, mahali pa mtu mwenye miguu mirefu. "Hiki kiti kiliganda kwa kutu palepale nilipokivuta mbele, shemeji. Umetumia nyundo?"

Fundi alitaka kusema ndiyo. Akamtazama yule mtoto na karanga zake.

"Usiende nalo," alisema. "Haukuwa usingizi. Tatizo sikuliona, nikalifunika na shokapu. Nati niliipaka mimi, naye akauheshimu mstari wangu. Nimemuua kaka yangu, shemeji."

Mwanamke yule aliweka mikono juu ya usukani.

"Asubuhi ya ajali aliniambia," alisema. "Aliniambia usukani bado una neno, anataka kuingia uvunguni aangalie mwenyewe. Nikamwambia aache, mdogo wako amekwisha paka, utamvunjia heshima. Nikamhimiza aondoke, anachelewa."

Alimwambia binti yake akasubiri nje. Kiti hakukisogeza. Alikaa ukingoni kabisa, akanyoosha mikono.

"Rudi chini," alisema. "Niambie nikitakiwa kutingisha."

Fundi akalala chini, akaingia. Alimsikia shemeji yake akilia pale juu, akasema, "Tingisha." Magurudumu yakaenda kushoto, yakaenda kulia, na bolti ikatembea ndani ya tundu lake. Mstari wa njano ulikuwa mzima kabisa.