Kiazi na Njegere Nne

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kemia nilibebeshwa tu, maana shule yetu ya Mgeta ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa somo hilo, na mkuu wa shule aliponiona nina maneno mengi akadhani na maarifa ninayo. Nami nikiri kwamba sijui? Thubutu!

Nilichora methani ubaoni kama ilivyo kitabuni: kaboni katikati, hidrojeni nne pembeni, msalaba ulionyooka. Nikawaagiza Kidato cha Pili waje kesho yake na mfano wa kushikika mkononi. Vifaa hatukuwa navyo, lakini mboga Mgeta ziko za kumwaga.

Eufrazia, binti mkimya wa dawati la mbele, alileta kiazi kimoja na njegere nne zilizochomekwa kwenye vijiti. Vijiti vitatu viliinama chini, kimoja kikaelekea juu. Kitu chake kilisimama mezani chenyewe, wakati vya wenzake vyote vimelala.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Methani, mwalimu. Nimeona hidrojeni zikikaa bapa zinabanana. Nikazipanga tatu kama mafiga, na moja juu. Hivi kila moja inapata nafasi yake."

Sikujua kama ni kweli au si kweli, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Nikaweka kiganja juu ya kile kiazi, nikagandamiza hadi vijiti vikavunjika.

"Hapa tunasoma kemia, hatupiki, Mama Viazi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye aliinama akaokota njegere zake moja moja.

Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, Eufrazia, aliyeongoza darasa zima kwa hesabu, aliacha sayansi akaandika sanaa. Mkuu wa shule alishangaa. Mimi nikajifanya kushangaa pia.

Mwaka huu niliitwa semina ya walimu wa kemia mjini Morogoro. Tukagawiwa mipira ya plastiki yenye matundu, pamoja na vijiti vyake. Nikajaribu kujenga msalaba wangu wa ubaoni. Matundu yakakataa. Nikageuza, yakakataa tena. Nilipoyafuata yalipo, kitu kikasimama mezani: mitatu chini, mmoja juu. Uso uliniwaka kwa aibu, jirani yangu akadhani ni joto la mjini.

Niliomba kuondoka na ule mfano. Jumamosi nikamkuta Eufrazia kwenye maegesho ya malori pale Mgeta, akishona magunia ya karoti za kwenda Dar. Kidato cha Nne alishamaliza, na hakuendelea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nikautoa mfano mfukoni. "Ulikuwa sahihi, Eufrazia. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Nisamehe, mwanangu."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaupokea, akauweka juu ya gunia. Ukasimama. Akaugusa mpira wa juu kwa kidole. Nami nikaanza kubwabwaja: kwamba anaweza kusoma upya masomo ya sayansi, kwamba nitamtafutia vitabu, kwamba umri bado anao. Nikaona anataka kusema neno.

"Mama Viazi!" utingo alipaza sauti kutoka juu ya lori. "Tunakungoja wewe tu!"

"Nakuja!" akaitika upesi, kama vile ndilo jina alilobatizwa. Kisha akanirudishia ule mfano kwa mikono miwili, akaenda kuinua gunia lake.