Jiwe la Mzee Dzombo

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe saba Agosti 2024, alasiri, pale Mzee Dzombo alipofungua mdomo kuwafanyia mzaha watu wa utafiti.

Walikuwa watatu, wametumwa na chuo kikuu kuchunguza starehe ya wageni Diani. Tobias wa uchumi aliuliza wageni hununua nini. Ivan wa mazingira aliparura mchanga. Bi Concepta wa mila alilitazama jiwe ambalo Dzombo huegemezea madafu yake, kando ya kijia kinachoshuka ufuoni, akaona limefungwa kitambaa chekundu.

"Shikamoo, mzee. Kitambaa hiki ni cha nini?"

"Marahaba, mwanangu."

Kilikuwa cha kupangusia panga. Lakini wiki hiyo ofisi ya utalii ilikuwa imetangaza kuwaondoa wachuuzi wote kijiani, na hapo ndipo Dzombo na marehemu mkewe, Kache, walipouzia tangu waoane. Kache aliahidiwa kibanda na ofisi hiyo hiyo mpaka akaingia kaburini. Dzombo akashusha sauti.

"Hapa pana wenyewe. Atakayetuhamisha asije akanilaumu."

Twaiba, muuza leso wa jirani, alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka. Watafiti walipoondoka, akalipuka kwa kicheko.

"Mwongo wewe! Mungu anakuona."

"Na ofisi hiyo Mungu haioni? Waache waogope kidogo. Wakubwa wa huko bahari wanaijua kwa picha za ukutani."

Hila ilishika, tena ilishika kupita kiasi. Elimu zote tatu zilikaa meza moja zikakubaliana: jiwe lilindwe, wageni waletwe walione. Ikaja kamba, kikaja na kibao: Mahali Patakatifu, Biashara Marufuku. Wazungu wakawa wanavua viatu. Dzombo na Twaiba wakasukumwa hadi barabarani, kwenye vumbi la tuktuk.

"Mzimu wako umetulisha vizuri," Twaiba alimwambia.

Dzombo akaona bora akiri. Akamfuata Sharif, afisa wa utalii, pale pale kwenye kamba.

"Bwana afisa, nilidanganya. Hilo ni jiwe tu."

Sharif akacheka. "Mzee, wataalamu watatu wamethibitisha. Wewe ulisoma wapi?"

Cheko la yule bwana lilimchoma Dzombo, kisha likamwasha akili.

"Haya, yaishe. Lakini aliyemo humo ana kawaida yake. Kila asubuhi hunywa dafu, la kukatwa papo hapo. Tangu mnifukuze hajaonja kitu."

Cheko likamkauka Sharif mdomoni. Akalitazama jiwe, akavua viatu polepole, akampigia simu mkubwa wake. Mkubwa akasema atamwuliza mkubwa wake. Mpaka leo ofisi nzima inatupiana jambo hilo: ikiwa mwenye jiwe ana kiu, na muuza madafu amepigwa marufuku, ni nani atakayemkatia?