Hapa ni kwa Ngolo

Minza ndiye aliyeipanga safari ile tangu mwanzo. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ndogo ya utalii mjini Iringa, na wateja wake, mume na mke wastaafu kutoka Ubelgiji, walitaka kuona tembo wa Ruaha kisha wakapumzike ufukweni Zanzibar. Akawatafutia kambi yenye kivuli kando ya mto, ndege ndogo ya kuwapeleka kisiwani, na hoteli ya Paje isiyo na kelele. Waliomba jambo moja zaidi kabla ya kwenda baharini: kula chakula cha mchana na familia ya wafugaji, nyumbani kwao. Minza akawaza nyumbani kwao mwenyewe, huko nje ya Chimala.

Baba yake, mzee Ngolo, Msukuma, alitoka Shinyanga na ng'ombe wake kabla Minza hajazaliwa, akatulia huko bonde la Usangu, akafuga na kulima mpunga. Habari za wageni zilimfurahisha. Alisema atachinja mbuzi, na wacheza ngoma wa Kisukuma watakuja na majembe yao ya kuchezea.

Bosi wa Minza, Marcelino, alitaka kwanza apaone mahali, wakaenda pamoja. Alisalimia vizuri, akanywa maziwa mgando, akasifia boma. Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na furushi la mashuka mekundu, shanga na mikuki. Akaeleza, kama mtu anayesema jambo la kawaida, kwamba wateja ameshawaandikia kuwa watatembelea kijiji cha Wamasai. Basi siku hiyo familia ivae hivyo, na vijana waruke-ruke kidogo.

Mzee Ngolo alishika shuka moja, akaliweka chini. Akamuuliza binti yake kwa Kisukuma kama alikuwa analijua jambo hili. Minza akasema hapana, lakini aliona baba yake hajamwamini sawasawa, na hilo lilimchoma kuliko furushi lenyewe.

"Wamasai ni jirani zangu," mzee akamwambia Marcelino taratibu. "Ukiwataka, kawaombe wenyewe. Hapa ni kwa Ngolo."

Marcelino akacheka, akasema wazungu hawajui tofauti.

"Watajuaje, na sisi ndio tunaowadanganya?" Minza akasema kwa hasira.

Njiani kurudi Marcelino alimweleza kwamba Wasukuma hawauziki kwa watalii.

Kesho yake aliwaandikia wateja ukweli wote. Wakajibu kwa adabu kwamba wameona aibu, hawataki kumsumbua mtu, afadhali waongezewe siku ya ufukweni. Minza alizidi kukasirika. Sasa baba yake alikuwa amegeuzwa mtu wa kuepukwa. Akawapigia simu, akamwambia yule mama Mbelgiji kwamba mzee Ngolo anawasubiri, na kwamba kutokwenda ndiko kutakakomwaibisha. Kisha mama yule akauliza ni zawadi gani inafaa kumpelekea mwenye nyumba.

Walikwenda. Marcelino hakuthubutu kuwakatalia wateja, ila alimwambia Minza asirudi tena kazini. Minza akahamia Mbeya, akaomba kazi kwenye ofisi nyingine ya utalii. Kwenye usaili, walipomuuliza kama ana swali, alitaka kujua ni nani pale anayewaandikia wateja habari za watu watakaowatembelea, na kama watu hao huulizwa kwanza.